Chumvi ya Ivuna kwenye Nembo ya Halmashauri

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mlowo, Fundi Mkuu alinipa uzi uliopakwa chaki. Tuliuvuta ukutani, yeye huku na mimi kule, tukaufyatua, ukaacha mstari ulionyooka wa kuandikia herufi. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba na aibu nyingi. Nikaipenda kazi ambayo ukuta ndio unaoongea.

"Peupe usipaogope," alinifundisha. "Nyie vijana mkiona nafasi mnataka kuijaza. Iache."

Baadaye nilihamia Tunduma, nikawa nachora vibao vya maduka na maneno nyuma ya malori. Ndipo halmashauri yetu ikatafuta mchoraji wa nembo. Mkurugenzi hakuzunguka.

"Madiwani wakiipitisha, nakuajiri. Wakiikataa, rudi kwenye malori yako."

Kila diwani alinitajia kitu cha kata yake anachotaka kiwemo. Nilipaka ubao rangi ya chini, nyeupe, mara mbili. Ilipokauka nikachora ngao, na ndani yake tawi la kahawa, hindi, ng'ombe na lori.

Siku ya kikao nilisimama kando ya ubao. Diwani wa Ivuna alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Fundi, ng'ombe namwona. Chumvi yangu iko wapi?"

Nilikuwa nimeisahau kabisa. Mkurugenzi akanikazia macho. Nikayaona malori yananisubiri. Kisha nikamkumbuka Fundi Mkuu.

"Mheshimiwa, hapo peupe ndiyo chumvi."

Akasogea, akapapasa ubao. "Pote?"

"Pote, mheshimiwa."

"Mimi naipitisha!"

Diwani wa Mlowo akaruka kitini. "Haiwezekani! Sisi kahawa tawi moja, Ivuna wapewe uwanja mzima?"

"Tulia, ndugu yangu. Kahawa yako imelala juu ya chumvi yangu, na sijaifukuza."

Ukumbi mzima ulicheka, hata wa Mlowo. Mikono ikanyooshwa. Nikaajiriwa.

Nembo ile niliichora kwenye milango ya magari na mabango mpaka nikastaafu. Wiki yangu ya mwisho, kijana wa kompyuta alitaka kuweka rangi ya njano nyuma ya kahawa, eti pamepwaya.

"Mwanangu," nikamwambia, "ukitaka futa ng'ombe, futa na lori. Hapo ambapo sikuchora kitu usipaguse. Hapo ndipo paliponiajiri."