Mpiga Pembe wa Bombo

Kwa miaka kumi na saba, watu wa Bombo walikusanywa na pembe ya Eliaichi. Iwe msaragambo, ile kazi ya pamoja isiyo na ujira, iwe mkutano wa chama cha kusaidia wajane na wagonjwa, ni yeye aliyepanda kileleni mwa kilima akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Na kila aliposhuka, magoti yakimuuma, alikuta wenzake wamekwisha kusema yao.

Mwaka 1968 chama kilitaka maoni ya kila mwanachama kuhusu kazi za miaka mitano ijayo. Eliaichi alikuwa na neno moja tu: wazee wanaokula peke yao nao watembelewe. Tangu mkewe Asnath afariki, alipika ugali wa mtu mmoja na bado ukabaki.

Alifika watu wakitoka.

“Shikamoo, mzee,” alisema Method, katibu, akikunja karatasi. “Tumemaliza. Wote walioisikia pembe wameulizwa.”

“Marahaba. Na aliyeipuliza, je?”

Method alicheka, akidhani ni utani.

Mkutano wa kupitisha mpango ulitangazwa kanisani, siku na saa. Sasa pembe ya nini tena? Siku hiyo Eliaichi hakupanda kileleni. Alivaa koti la harusi yake, akawa wa kwanza kuingia ukumbini, akakaa benchi la mbele na neno lake mdomoni.

Alikaa mpaka ukungu ukaingia mlangoni. Hakuja hata mmoja. Bombo nzima ilikuwa majumbani, imekwisha kuvaa, ikingojea pembe.