Laban Kinyozi na Kinanda cha Taa

Laban ni kinyozi. Ningeweza kumalizia hapo hapo, maana kunyoa anajua, na mtu akijua kitu kimoja hapa duniani ashukuru Mungu. Lakini Laban hakutosheka na vichwa vya watu. Alitaka kuitwa mpiga kinanda, na wakati huo hata kinanda chenyewe hakuwa nacho.

Mimi ndiye mwenye nyumba anayopanga, hapa mtaa wa Barani, Malindi. Jina langu Stambuli. Kinanda nimekipiga kwenye harusi toka Mambrui hadi Takaungu, na maharusi niliowapigia leo wana wajukuu. Shule niliiacha darasa la nne. Mwalimu aliniambia nisirudi, nikamtii. Lakini vidole hivi, mwanangu, vilisoma hadi vikamaliza. Kwa hiyo nikisema fulani hajui, hajui.

Laban ni mtu wa bara, Mluhya wa Vihiga. Alikuja pwani kutafuta kazi ya hoteli, hoteli hazikumtaka, akafungua kibanda cha kinyozi chenye kioo kimoja na kiti kinachozunguka upande mmoja tu. Ni kijana mrefu, mdomo mwepesi, shati limepigwa pasi hata siku ya Jumanne. Kasoro yake ni moja: hupenda kuonekana kabla ya kuwa.

Basi akampenda Phoebe. Phoebe ni fundi wa nguo, binti wa Jedida wa Kakuyuni, na ndiye anayeongoza kwaya ya kanisa la huko. Kila Jumapili Laban alipanda bodaboda kutoka Barani hadi Kakuyuni, akakaa benchi la pili, akamsikiliza msichana akiimba. Mwaka mzima. Nakubali, hapo alijitahidi.

Jedida ni mjane, mkulima, Mkamba aliyehamia Kakuyuni zamani hata Kigiriama anakisema kuliko Wagiriama wengine. Kwa kila aliyemtaka bintiye, sharti lake lilikuwa moja: awe na kazi yake kanisani. Hakusema cheo. Alisema kazi. Apange viti, afagie, achote maji ya wageni, lolote, mradi ajulikane kwa kitu. Mtu mwenye akili angesema, "Mama, mimi nitapanga viti." Laban yeye alisema, "Mama, mimi hupiga kinanda."

Jedida akafurahi, masikini. Akamwambia, "Vyema. Sikukuu ya mavuno utatupigia, na Phoebe ataimba. Siku hiyo hiyo ulete wazee wako tuzungumze."

Ndivyo alivyonijia barazani kwangu, kanyoosha shingo kama kuku aliyeona mwewe.

"Mzee, niko na shida mbili."

"Shikamoo kwanza."

"Ah. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, leta shida."

"Nataka unichagulie kinanda halafu unifunze. Na pia nataka uwe mjomba wangu."

"Mjomba kwa upande gani?"

"Upande wowote, mzee. Watu wangu wako mbali."

Hilo la pili halikunishangaza. Watu wa bara walioko huku huazima wazee kama sisi tunavyoazimana masufuria ya harusi. Na mimi nikivaa kanzu yangu na kofia, mjomba wa kukodi kama mimi hapatikani Malindi nzima. Nikamwuliza hilo la kwanza.

"Umemwambia mama wa watu kwamba unajua kupiga?"

"Nilimwambia napiga. Sikusema najua."

Nilicheka hadi kahawa ikanipalia.

Mahindi yalikuwa bado mabichi, kwa hiyo muda ulikuwapo. Nikampeleka kwa Alamin, anayeuza vyombo vilivyotumika karibu na soko la zamani. Alamin alikuwa na vinanda viwili. Kimoja cheusi, kizito, kimechakaa pembeni, vibao vyake vipana, sauti zake chache. Cha pili kipya, kina taa nyekundu na za buluu, kina sauti mia na kitu, ngoma za kila nchi, na ukibonyeza kidude fulani kinabweka kama mbwa. Laban alikwenda moja kwa moja kwenye taa. Nzi na papai.

"Njoo hapa," nikamwambia. "Kwenye hiki cheusi, bonyeza kibao polepole."

Akabonyeza. Kikalia kwa upole.

"Sasa kipige kwa nguvu."

Kikanguruma.

"Haya, nenda kwenye hicho cha mbwa ufanye vivyo hivyo."

Akabonyeza polepole, kikasema *ti*. Akapiga kwa nguvu, kikasema *ti* ile ile.

"Umeona? Hicho hakijui kama umekasirika au umelala. Si chombo hicho. Hicho ni kengele ya mlango."

"Lakini mzee, hiki kina bendi nzima ndani. Unaweka kidole kimoja tu, ngoma na tarumbeta zinakuja zenyewe."

"Na wewe utakuwa unafanya nini wakati huo?"

"Naonekana," akasema. Wallahi, alisema hivyo, na wala hakucheka.

Alamin akatazama dari. Mfanyabiashara hagombani na mteja mjinga, humfungia mzigo. Tukarudi Barani na kinanda cha taa.

Nikaanza kumfunza. Nilimweka kiti sawa, mgongo wima, mikono mepesi. Nikamwonyesha vidole vitano vinavyotembea, dole gumba likipita chini ya kidole cha kati ili mkono usikwame njiani. Nikamwambia kila wimbo una nyumba yake. Leo utauanzia kwenye kibao hiki, kesho kwenye kile, kwa sababu koo za watu hazilingani. Mwenye kujua huingia vyumba vyote kumi na viwili, vibao saba vyeupe na vitano vyeusi, hata taa zikizimwa. Laban akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha akapiga kwa vidole viwili, kama mtu anayetafuta chawa.

Wiki ya pili akaacha kuja. Nilimsikia ng'ambo ya ukuta, anapiga wimbo mmoja, mahali pale pale, vibao vyeupe vitupu. Nikagonga mlango.

"Mbona vyeusi huvigusi? Vina ukoma?"

"Mzee, hayo ni mambo ya zamani," akasema, na mkono wake umeshika simu yenye video ya mwalimu wake mpya. "Siku hizi unajifunza mahali pamoja tu. Mwimbaji akiwa juu, unabonyeza kidude hiki, sauti yote inapanda. Akiwa chini, unabonyeza hiki, inashuka. Vidole vinabaki pale pale."

"Yaani umepewa nyumba ya vyumba kumi na viwili, nawe unataka kuishi sebuleni?"

"Sebule iko na kila kitu, mzee."

Mnaona mtu huyu? Haya. Nikampa shauri la mwisho, la bure, ambalo mwanamuziki yeyote angelilipia. Makanisani huku hakuna anayempa mwimbaji sauti. Mwimbaji hasemi anaanzia wapi. Hufungua kinywa akaanza, na kinanda kikamtafute. Wenyewe wamezoea. Kwa hiyo nikamwambia, "Nenda Kakuyuni ufanye mazoezi na Phoebe. Msikilize anakaa wapi, ushike kibao chake kabla ya siku yenyewe."

"Hapana, mzee. Nataka nimshangaze."

"Utamshangaza," nikasema, nikafunga mlango wake kwa heshima.

Siku ya mavuno ilifika. Uwanja wa kanisa pale Kakuyuni ulijaa mahema, na mbele palirundikwa mahindi, maboga, mihogo, mbuzi wawili na jogoo mmoja mwenye kelele. Mimi nilipewa kiti cha mbele, kiti cha mjomba, kando ya Jedida. Nilivaa kanzu yangu nyeupe. Akina mama waliniamkia mmoja mmoja, nami nikaitikia kama nimezaliwa Vihiga.

Laban aliingia na suti. Akakiweka kinanda juu ya miguu yake ya chuma, akachomeka waya kwenye spika, taa zikawaka. Watoto wakasema, "Eeeh!" Laban akatabasamu. Hiyo ndiyo sehemu aliyoifanyia mazoezi.

Phoebe akasimama mbele ya kwaya, gauni la kitenge alilojishonea mwenyewe, mikono mitupu. Hakumtazama mtu. Alifungua kinywa tu akaanza, sauti yake ile nzito, ya chini, iliyotulia kama maji ya mtungi. Kwaya ikamwitikia. Uwanja ukanyamaza, hata jogoo.

Ndipo Laban akaingia.

Jamani! Mtu mmoja akikosea, amekosea peke yake. Laban alikosea na bendi nzima. Alibonyeza kidole kimoja, ngoma, besi na tarumbeta zikalipuka zote kwa pamoja, mahali ambapo hapakuwa na wimbo. Akabonyeza kidude cha kupandisha. Bendi ikapanda, ikampita Phoebe juu. Akashusha, ikampita chini. Akapandisha tena. Phoebe alikuwa pale pale, hajasogea hata unywele, na huyu anamzunguka kama kipofu anayetafuta mlango wa choo. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza, "Ni gari la kuuza sabuni limefika?"

Nami nilijua hata kibao alichopaswa kukishika. Cheusi. Ningeweza kuinuka nikamwekea kidole chake juu yake. Sikuinuka. Nilikuwa mjomba, sikuwa mganga.

Sasa sikilizeni. Kukosea si dhambi kubwa. Mimi nimeona wapigaji wazima wakipotea harusini, wakainamisha kichwa, wakanyamaza, wakaingia ubeti wa pili kwa adabu, na watu wakasahau. Laban angezima tu kile kidude. Angepiga makofi kama wengine. Lakini Laban alinyoosha mkono akachukua maikrofoni, mbele ya kanisa zima, akasema:

"Samahani, washirika. Dada Phoebe ameanzia pabaya. Tuanze tena."

Nilihisi Jedida akikakamaa kando yangu. Aliuweka mkoba wake chini tu, taratibu, kama mtu anayejitayarisha kuinua kitu kizito.

Phoebe aliacha kuimba. Akageuka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonifanya nimwonee huruma Laban kwa muda mfupi, kisha huruma ikaondoka.

"Kaka Laban," akasema, "wewe endelea kutafuta. Sisi tunaimba."

Akaanza tena, pale pale alipoanzia mwanzo. Wanawake wakachukua kayamba na makofi, vigelegele vikapaa, na wimbo ukaenda hadi mwisho ukiwa mzuri kuliko ninavyotaka kukiri, maana mimi ni mtu wa vyombo. Laban alisimama nyuma ya taa zake. Nyekundu, buluu, nyekundu, buluu.

Baada ya chakula tukaitwa nyumbani kwa Jedida. Tukakaa sebuleni, mimi na mpwa wangu wa kuazima upande mmoja, upande wa pili Jedida na kaka yake, mzee Kasiva. Chai ikamiminwa. Laban hakungoja mjomba wake afungue mazungumzo. Alianza mwenyewe.

"Mama, shida ilikuwa spika. Na umeme wa huku haujatulia. Na pia mwimbaji hakunipa..."

"Nyamaza," nikamwambia.

"Mzee, naeleza tu."

"Nyamaza, nimesema. Ulinileta hapa nikusemee, ukaniwahi."

Mzee Kasiva akakohoa kuficha kicheko. Jedida akanigeukia mimi, kwa heshima zote.

"Mjomba wa Laban, kupiga vibaya ningemsamehe. Hata mimi mahindi yangu ya kwanza huku pwani yalikauka yote, nilipanda kwa majira ya kwetu. Lakini sikusema ardhi ndiyo mbaya. Huyu siku mtoto akiugua atamwambia binti yangu, wewe ndiwe uliyezaa vibaya. Lakini anayeolewa si mimi. Phoebe, njoo useme mwenyewe."

Phoebe akaja kutoka jikoni, akipangusa mikono. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Mimi niliimba pale ninapoimba siku zote," akasema, akimtazama Laban usoni. "Kila Jumapili. Umekaa benchi la pili mwaka mzima ukinisikiliza, na hujui sauti yangu inakaa wapi. Ulikuwa unasikiliza nini?"

Laban akanyoosha kola ya suti yake.

"Basi nenda salama," Phoebe akasema, akarudi jikoni kwake.

Ilibaki zamu yangu kusema, kama mjomba. Desturi inataka mzee apambe maneno, aombe muda, aombe msamaha, aache mlango wazi kidogo. Nilimtazama mpwa wangu. Hata wakati ule, badala ya kutazama mlango alioondokea msichana, alikuwa anatazama dirishani kama watoto hawakichezei kinanda chake.

"Jedida," nikasema, "chai yako ni nzuri. Sisi tunaaga."

Yupo bado hapa Barani, ananyoa. Huwasimulia wateja kwamba alimwacha Phoebe kwa sababu yule dada hakujua kufuata muziki. Wateja huitikia, "Kweli, Laban, kweli kabisa." Nani atabishana na mtu aliyemshikia wembe shingoni? Lakini wakishalipa na kutoka, hupita barazani kwangu kuniuliza habari yenyewe, nami huwaambia wakae.