Funda la Kwanza

Nilipokuwa mdogo niliamini bibi yangu ni mlafi. Kila mgeni aliyefika kwake Kalundu alimiminiwa mutobe, maji matamu ya ndizi mbivu, na kila mara bibi alipiga funda la kwanza yeye mwenyewe ndipo akakabidhi kikombe. Nilimwonea aibu. Nilipokua nikaelewa kwamba kwetu ndivyo mwenye nyumba anavyoonyesha hakutia sumu. Lakini majirani walionja kidogo tu, huku wakipiga soga. Bibi alionja kama mtu anayekula kiapo.

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na mwaka huu nimeshikwa na wazimu wa kukusanya maneno ya kudhuriana. Alasiri hukaa na daftari mlangoni pa bibi, ziwa limekuwa jeupe kwa joto, milima ya Burundi inakuja na kupotea, nami nusu nimelala. Kuumiza, niliandika, kumezaliwa na kuuma. Basi mwanzoni palikuwa na jino. Kudhuru ni neno la Kiarabu. Nililiona kabisa likishuka ufukweni na wafanyabiashara waliotoka ng'ambo, limevaa kanzu safi. Kuloga hakuna aliyelileta. Wafuliiru wanalo, Warundi wanalo, watu wa pwani husema kuroga. Tulilikuta humu humu nyumbani.

"Koko," nikamuuliza bibi, "na mulozi? Wazee wa zamani walilitumia vipi?"

Kisu chake kikasimama juu ya muhogo.

"Weye iko unatafuta nini mu ile neno? Minye baliniitaka nayo."

Kisha akanisimulia, bila kuniangalia, jinsi alivyopata kuitwa mchawi. Alikuwa bado mke kijana kule Lubarika. Rafiki yake, waliyepakana naye mashamba, alipita na kiu, na bibi, mtoto akimlilia mgongoni, akampa kikombe cha mutobe bila kuonja. Kesho yake rafiki akaamka tumbo linamkata. Katika maumivu akasema amelogwa. Tumbo lilipona baada ya siku tatu. Neno halikupona. Watu wakaacha kupokea hata chumvi mkononi mwa bibi, mpaka babu akahamisha nyumba nzima kuja huku ziwani.

Nikafunga daftari. Nilijichukia kwa ule ufundi wangu wote wa meno na kanzu.

Mwezi uliofuata yule rafiki akatuma salamu: anakuja Kalundu kumwona binti yake, atapita kutusalimia Jumamosi. Bibi alikamua ndizi siku mbili. Kikombe kimoja alikiosha mara tatu, akakianika, akakiosha tena. Mimi niliogopa kupita kiasi. Mgeni akikataa kunywa, nilijiambia, bibi hatainuka tena.

Alifika kikongwe mwembamba, na fimbo. Wakasalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana mvua na muhogo wa bondeni, wakawataja waliokufa mmoja mmoja. Mchana ulikuwa mzito, sauti zao nilizisikia kama zinatoka chini ya maji. Kisha bibi akamimina. Akainua kikombe kwenda mdomoni, aonje.

Mgeni akamshika kifundo cha mkono.

"Hapana, dada. Usionje. Leta vile iko."

Akakitwaa, akanywa bila kupumzika mpaka kikombe kikapinduka juu chini mdomoni pake. Akajifuta mdomo kwa pembe ya kitenge.

"Ile siku ilikuwa tumbo tu," akasema. "Minye nilijuaka. Niliogopa kurudi kuambia watu."

Bibi alimwongezea, na cha pili pia hakukionja.

Tulipomsindikiza na kurudi, bibi alikiokota kile kikombe, akakipindua juu ya kiganja chake. Hakikutoa kitu.

"Uliona?" akaniambia, anacheka na machozi yanamdondoka kidevuni. "Amemaliza yote, hakuniachia hata tone. Mulafi kweli!"