Basi la Kurudi kutoka Great Yarmouth

Kwa miaka kumi na minne Elieshi ndiye aliyekuwa mwenye safari. Kila Agosti Watanzania wa Tottenham tulikodi basi moja kwenda baharini: Bournemouth, Margate, Weymouth ambako mvua haikutupa hata saa moja ya kukausha nguo. Siku za kazi Elieshi aliwaogesha na kuwalisha wazee wa Kiingereza majumbani mwao. Jumamosi hiyo moja alisimama mlangoni mwa basi na karatasi yake, akituita mmoja mmoja, na hata akikuona kwa macho alitaka uitike.

"Protas!"

"Nipo."

"Upo na viatu vya kanisani?" akanitania. "Unakwenda kuchumbia samaki?"

Mwaka juzi ilikuwa zamu ya Great Yarmouth. Mama yake Elieshi alikuwa amelazwa hospitali huko Moshi, naye alikuwa na tiketi ya ndege ya Alhamisi iliyofuata. Tukiwa njiani aliniambia wameongea alfajiri, sauti ya mama ilikuwa nzuri, tena mama mwenyewe kamwambia aende akapunge upepo.

"Nataka kumkuta tu, Protas. Akinitambua, inatosha."

Saa tano na nusu, tumeshafunua masufuria ya pilau mchangani, kaka yake Elieshi alimpigia Marcelina, mwenyekiti wa akina mama. Mama ametutoka nusu saa iliyopita. Elieshi asiambiwe mpaka afike nyumbani, akae chini, awe na watu.

Hakuna aliyehoji. Ndivyo tunavyofanya; mtu hapewi msiba akiwa safarini, amesimama, hana pa kujitupa. Elieshi mwenyewe aliwahi kumleta mwenzetu Lusekelo kutoka Birmingham akimwambia baba yake kazidiwa tu, kumbe ameshafariki, huku akimmenyea machungwa njia nzima. Marcelina akaomba simu ya Elieshi apige picha, akaizima, akanipa mimi. Nikaificha mfuko wa ndani wa koti. Ufuo mzima, katika lile jua, mwenye koti nilikuwa peke yangu.

"Picha gani hizo zisizoisha?" Elieshi aliuliza.

"Chaji imekwisha, dada," Marcelina akajibu.

"Imekwishaje? Asubuhi ilikuwa imejaa."

Tangu hapo alianza kutuangalia. Akaona kipande cha nyama alichoongezewa bila kuomba. Akaona wanawake wawili walionyamaza alipowakaribia, na mmoja akaanza ghafla kusifu hali ya hewa. Bahari ya kijivu ilikuwa imerudi nyuma, imetulia kama mtu anayetega sikio mlangoni. Wakati wa kuondoka kijana mmoja wa kwaya alimchukulia mfuko.

"Tangu lini mnanibebea mfuko?"

"Umechoka, mama."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Akakalishwa kiti cha mbele. Basi lililozoea kuimba mpaka London lilienda kimya. Kila nilipoinua macho nilimkuta ametugeukia, anatusoma uso mmoja mmoja.

Marcelina alikuwa amemnong'oneza dereva kuhusu msiba na kumsihi asisimame popote. Dereva, Alkesh, ni Mhindi wa Kenton, London, ambaye wazazi wake walitoka Mwanza wakamwachia Kiswahili. Lakini sheria inamlazimisha kupumzika, akasimama kwenye kituo cha barabarani, watu wakaenda msalani. Tuliporudi, Elieshi alikuwa chini, ameziba mlango wa basi, karatasi mkononi.

"Marcelina!"

"Nipo."

"Mama yangu yupo?"

Marcelina akatazama lami. "Mgonjwa ni mgonjwa, dada. Tumwombee."

"Protas!"

"Nipo."

"Mama yangu yupo?"

"Panda basi, Elieshi. Tunachelewa."

Mimi ni mtu wa maneno, na hayo ndiyo niliyopata. Nyuma yangu watu kama arobaini walisimama kwenye foleni, kila mmoja akiogopa jina lake. Ndipo Alkesh akaja na chai yake, akakuta Marcelina ameshaitwa na kujibu, akadhani msiba umekwisha kusemwa.

"Pole sana, mama," alisema. "Mimi wangu alikufa mwaka jana. Najua."

Elieshi hakupiga kelele. Aliikunja karatasi mara mbili.

"Saa ngapi?"

"Saa tano," nikasema.

"Saa tano nilikuwa nimetia miguu majini. Halafu nikaja kula, nikawatania, nikacheka mchana kutwa. Mkaniacha nicheke."

"Wewe ndiye uliyemfanyia Lusekelo hivyo hivyo," Marcelina alisema, machozi yanamtoka.

"Najua nilichomfanyia." Akaninyooshea mkono bila kuuliza. "Simu yangu."

Hakuiwasha. Aliishika mapajani mpaka Tottenham, na hakuna aliyethubutu kukaa karibu naye.

Tulifika saa moja na nusu jioni, jua bado liko juu ya maghorofa ya halmashauri anakoishi. Mimi na Marcelina tulipanda ngazi nyuma yake. Nje ya mlango wake viatu vilikuwa vimejaa. Ndani watu walioitwa na Marcelina, wakafunguliwa na jirani mwenye ufunguo wa akiba, walikuwa wakimngoja, wamejiandaa kumshika atakapoanguka. Aliviangalia viatu vile, jozi baada ya jozi.

"Na hawa wote walijua?"

"Walijua, dada."

"Kabla yangu."

Ufunguo alikuwa nao mkononi. Akaurudisha mfukoni, akapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe, akangoja akaribishwe.