Vikao vya Profesa

Zamani siri ya ofisi ilifungiwa kabatini na ufunguo ukavaliwa shingoni; siku hizi huhamishwa na vijana wasiojua wamebeba nini, na kabla chai haijapoa idara nzima imeshaisoma.

Nilikuwa tarishi chuoni miaka thelathini na mmoja. Elimu yangu niliiokota kwenye majalada niliyobeba, nikiyasoma ngazini. Karani wa Profesa, mkuu wa idara yetu, tulimwita Mama Ratiba, kwa kuwa hakuna kikao, mtihani wala msiba uliompita. Ulimi wake ulikuwa mwepesi. Mhadhiri akichelewa alimwambia, "Karibu baba, tulishaanza kukurithi."

Profesa alianza kusahau. Kwanza ilikuwa miwani, yakafuata majina, kisha mlango wa choo. Alibakiza miezi kumi na minne astaafu kwa heshima zake, na angegundulika mapema angetolewa kama chombo kilichovunjika. Mama Ratiba akaapa hatagundulika.

Kila alasiri, kabla ya kutoka, aliandika kwenye kalenda ya Profesa, ile ya kompyuta, iliyosomwa na wao wawili tu. Saa nne, mwaka wa pili, chumba cha nane. Sura ya tatu ulishafundisha, usirudie. Saa saba, kidonge cheupe. Anayekuja na mkoba mwekundu ni mkeo. Kompyuta ilitoa mlio, Profesa akasoma, akainuka na kutembea kama mtu mwenye akili zake. Mimi nilimsindikiza hadi chumba cha nane, ndiyo maana niliijua siri yao.

Ndipo chuo kikaamua kubadili mfumo wa barua pepe na kalenda. Mafundi wakapita ofisi kwa ofisi: kabla ya Ijumaa kila mtu achague upya nani aone kalenda yake, la sivyo mfumo mpya utaionyesha kwa idara yote. Walisema mara moja tu, macho kwenye simu zao. Mama Ratiba hakuwaelewa vizuri, na aliona haya kuwauliza watoto wa juzi. Akaniuliza mimi.

Nikajibu kama mjuzi. "Tumehama jengo mara nne, dada. Kabati lilifungwa huku, likafika kule limefungwa. Uliona lini kufuli likabaki njiani?"

Akacheka, akachukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Jumatatu asubuhi kila kitu kilikuwa wazi. Mhadhiri mmoja, aliyekimezea mate kiti cha Profesa kwa miaka, alisimama ukumbini akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye mkoba mwekundu, baadhi walicheka, wengine wakatazama sakafu. Profesa alikuwa mlangoni. Naye alicheka, akauliza maskini huyo ni nani.

Kufikia mchana alikwishaambiwa akapumzike, asirudi. Mama Ratiba aliitwa kwa mkuu wa kitivo, akasomewa kosa la kukidanganya chuo, akafukuzwa kazi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango ule. Ningeweza kuingia nikasema ni mimi niliyempotosha. Tarishi haulizwi kitu, nami nikajificha humo humo ndani ya kutoulizwa.

Mara ya mwisho nilipowaona ilikuwa miezi sita baadaye, ng'ambo ya barabara, mbele ya hospitali. Mke wa Profesa alikuwa kazini, na Mama Ratiba, asiye na kazi, ndiye aliyempeleka kliniki. Nikavuka, nikamwomba msamaha.

"Hukujua, kaka," alisema. "Na mimi nilitaka kuambiwa vile vile ulivyoniambia."

Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ingekuwepo ingenisaidia. Akamfunga Profesa kifungo cha shati, akamshika mkono wavuke. Profesa akasita ukingoni mwa barabara, akamuuliza, "Wewe ni nani?" Mama Ratiba akamtajia jina lake, lile la kuzaliwa, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia.