Siku Mkono wa Sumari Ulipogoma

Sumari alikuwa mchonga mizinga ya nyuki huko Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, miaka ile Wajerumani walipokuwa wameshajenga boma lao Arusha. Mizinga yake ilitafutwa hadi Kikatiti. Alikuwa mcheshi, na alipochonga alilisemesha gogo kana kwamba ni ng'ombe mkaidi.

Binti yake Eunike alipoposwa, Sumari aliahidi kumpa mkwewe mzinga mkubwa kuliko yote aliyowahi kuchonga. Siku wakwe walipoleta pombe ya ndizi, watu walikunywa tangu asubuhi. Mchana Sumari akaenda kujinyoosha kidogo kando ya gogo lake. Akapitiwa na usingizi mzito, mkono wa kulia ameutupa juu ya ukingo wa gogo na kuulalia kwa uzito wake wote.

Alipoamka, kiganja kilining'inia kama jani la mgomba lililovunjika. Alikunja kiwiko, kikakunjika. Alifumba ngumi, ikafumbika kwa shida. Lakini kunyanyua kiganja, wapi!

"Mama Eunike!" alimwita mkewe, Ndeshi. "Mkono wangu umekufa."

Ndeshi akamfinya kiganjani. Sumari akaruka.

"Maiti gani anayeruka?" akasema Ndeshi, akacheka.

Lakini siku zilipita, mkono ukabaki vilevile, na Sumari akaacha utani. Akamkumbuka jirani yake Lerionka, waliyegombana naye kwa ajili ya zamu ya maji ya mfereji. Siku ile Lerionka alimwambia, "Mkono wako huo utakuponza!"

"Kaniroga," akasema Sumari. "Kesho nachinja mbuzi, naita wazee, namshtaki."

Ndeshi alimsihi, hakusikia. Basi kimyakimya akatuma watu wamwite Nathanaeli, mtoto wa mdogo wake Sumari, aliyekuwa akisaidia kufunga vidonda kwenye misheni.

Nathanaeli alifika mbuzi akiwa ndiyo kwanza anachunwa, wazee wamekaa tayari.

"Shikamoo, baba mkubwa. Kabla hujamshtaki mtu, niambie: siku ile ulilalaje?"

Sumari akamwonyesha. Nathanaeli akaupapasa mkono kuanzia begani hadi vidoleni, kisha akachuchumaa penye paja la mbuzi, bado la moto. Akatenganisha nyama kwa kisu na kuvuta uzi mweupe, mwembamba kama kamba ya ngozi. Akaubana kwa kucha. Kwato ikapiga teke!

Mzee Saning'o alimwaga pombe yote mapajani. "Mbuzi huyu ana roho ngapi?"

"Roho imeshatoka," Nathanaeli akajibu, watu wakicheka. "Huu ni mshipa wa fahamu. Nyama peke yake haijui la kufanya. Ukitaka kunyanyua kiganja, ubongo hutuma amri. Hushuka kwenye uti wa mgongo, ikapita kwenye uzi kama huu hadi kwenye msuli. Msuli ukiipata hujikaza, ukavuta mfupa. Sasa, uzi wa kunyanyua kiganja umezunguka mfupa hapa, juu ya kiwiko. Ndipo ulipopalalia. Amri ikifika hapo inakwama. Nyuzi za kufumba ngumi zinapita upande mwingine, ndiyo maana hizo zimesalimika."

Sumari akaugusa mkono wake juu ya kiwiko. "Kumbe ni mfereji uliozibwa. Na aliyeuziba si Lerionka?"

"Umeuziba mwenyewe, baba mkubwa. Utafunguka, ila taratibu."

"Basi mwiteni Lerionka aje ale," akasema Saning'o. "Kama si yeye, tusingepata nyama leo."

Lerionka akaja, akala, akashangaa kwa nini anapewa minofu mizuri. Sumari akashindwa kuvumilia, akamweleza yote. Lerionka akaweka mfupa chini.

"Mimi mchawi? Nilisema mkono wako utakuponza kwa sababu ulikuwa umeshika jembe langu!"

Hata Ndeshi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Nathanaeli alimfunga kipande cha mwanzi chini ya mkono, kiganja kikiwa kimeinuliwa. Hapo Sumari akagundua kwamba kiganja kikiegemezwa hivyo, vidole vinashika kwa nguvu. Akadai tezo lake la kuchongea. Lerionka alikuja kumshikilia gogo, wakabishana kutwa nzima kuhusu maji huku vibanzi vikiruka, na mzinga ukawa tayari kabla ya harusi.

Eunike alikuwa ameshahamia kwa mumewe asubuhi ile Sumari alipofungua mwanzi ili anawe. Akajaribu, kama alivyojaribu kila siku. Kiganja kikanyanyuka kidogo, kikitetemeka. Akapiga ukelele uliowaleta majirani mbio, wakiwa na fimbo, wakidhani ni nyoka.

Walimkuta amekaa uani, anainua kiganja na kukishusha, anainua na kukishusha, huku akiwaonyesha mmoja mmoja.

"Umeshawapungia watu wote," Ndeshi akamwambia hatimaye. "Sasa nyanyua shoka, kuni zimekwisha."