Kesi ya Jahazi Lililochomwa

Mzee Tajdin anauza na kukodisha masufuria ya shughuli hapa Singida mjini, na mimi nashona nguo kwenye baraza ya duka lake. Ni mbishi, ana kelele, na nampenda kama baba yangu mzazi. Ila akianza habari za jahazi, natamani cherehani yangu ingekuwa na kelele kumshinda.

Jahazi lenyewe lilikuwa la babu wa babu yake, mfanyabiashara wa Unguja. Enzi zile Waingereza walikuwa wanazuia biashara ya watumwa baharini, na manowari yao ikalisimamisha karibu na Pemba. Hawakukuta shehena ya watumwa. Walikuta masufuria makubwa na mapipa mengi ya maji, basi wakalichoma.

"Kwa masufuria!" Mzee hufoka. "Si wangenichoma na mimi na duka langu?"

Kila Jumamosi huja Mwalimu Chediel, mstaafu aliyefundisha historia, Mnyiramba wa Ulemo, mwenyeji wa mkoa huu huu. Mzee Tajdin humpa shikamoo kwa adabu zote, halafu anamgombeza. Mwalimu hueleza kwamba wenye vyombo walikuwa wajanja, wanashusha watu pwani na vyombo vinabaki vitupu, ndiyo maana sheria ya Uingereza ikahesabu masufuria makubwa, ya kupikia watu wengi, kuwa ushahidi. Mzee hujibu kwamba mabaharia wa manowari walipewa tuzo kwa ukubwa wa chombo walichokamata, kwa hiyo waliona watumwa hata ndani ya gunia la tende. Hapo Mwalimu hukubali, maana ni kweli wapo wasio na kosa waliochomewa vyombo.

Lakini kukubali huko hakumtoshi Mzee. Anataka asikie kwa kinywa cha Mwalimu kwamba babu yake huyo hakuwa na hatia. Wajukuu zake wakitoka shule na habari za watumwa humuuliza, "Na sisi je?" naye huwafukuza wakacheze. Kisha hufuta masufuria yale yale mpaka jioni, na mimi roho inaniuma.

Jumamosi iliyopita nilichoka. Nikawaambia, "Wazee wangu, fanyeni kesi iishe. Mwalimu awe hakimu." Walicheka, kisha wakavuta viti kweli.

"Masufuria yalikuwa ya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Bidhaa. Yanakwenda kuuzwa Lamu."

"Na nani alikuwa anawapikia mabaharia wa jahazi?"

"Wasichana wawili wa nyumbani," Mzee alijibu haraka, vile vile alivyosimuliwa na bibi yake. "Walinunuliwa bara, upande wa huku kwetu..."

Nadhani alikuwa amelisema hilo maisha yake yote bila kulisikia. Mguu wangu ulisimama kwenye pedeli.

"Upande wa huku kwetu," Mwalimu alirudia polepole. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mwalimu ni mtu wa haki mpaka anaudhi, na hata hapo hakupindisha kitu. Alisema bunge la kule London lilibishana sana juu ya watu wa namna hiyo, na ikafika wakati manahodha wakaelekezwa kwamba mtumwa wa nyumbani mmoja au wawili si sababu ya kuchoma chombo.

"Kwa sheria yao, wapishi wawili hawatoshi," alisema. "Na masufuria ni bidhaa. Jahazi halina hatia. Umeshinda, Tajdin."

Nilitaka kupiga vigelegele. Mzee hata hakutabasamu.

"Na wale wasichana?" aliuliza.

"Chombo kikichomwa, manowari inawachukua na wanaachwa huru. Kikiachiwa kinaendelea na safari, na wao wamo. Wanarudi kwa mwenyewe."

Mzee Tajdin alimtazama rafiki yake usoni. Kisha akasimama mbele yake, kama mbele ya hakimu.

"Mwalimu," alisema, "basi lichomeni."